Juu ya Vazi Kumkaa Mtu

Katika lugha yetu, vazi lililoshonwa vema husemwa kuwa limemkaa mtu. Hatusemi kuwa limemfunika wala kuwa limempamba. Twasema limemkaa, kama ndege akaavyo juu ya tawi pasipo kulivunja, au kama mgeni mwema akaavyo nyumbani mwa watu pasipo kumwudhi mwenyeji. Likiwa dogo twasema limembana. Likiwa kubwa twasema lampwaya. Maneno haya matatu ni ya kila siku katika kibaraza cha fundi cherehani, walakini maana zake hazikomi katika kitambaa. Mtu aweza kubanwa na cheo, na mwingine aweza kupwaya katika madaraka aliyopewa; na yuko yule ambaye heshima humkaa hata watu wakasahau kwamba kulikuwa na siku aliyokuwa hana. Kwa hiyo aulizaye jinsi vazi limkaavyo mtu anauliza jambo kubwa kuliko lionekanavyo: je, vazi la heshima lapaswa kumfuata mtu, au mtu apaswa kulifuata vazi?

Swali kama hili halijibiwi vema kwa mfano mwepesi. Shuka humkaa kila mtu, na kwa sababu hiyo haimfundishi mtu neno. Yafaa tuchukue vazi lililo gumu kuliko yote, yaani vazi la jioni la wanaume wa Ulaya liitwalo vazi la tai nyeupe. Hili ndilo vazi la karamu za kifalme, la wanamuziki wa okestra kubwa, na la karamu ya tuzo za Nobel ifanywayo Stockholm tarehe 10 Desemba. Lina koti jeusi lenye mikia miwili nyuma, suruali nyeusi yenye tepe zinazong'aa ubavuni, kizibao cheupe, shati jeupe la kifua kigumu, ukosi uliosimama, na tai nyeupe ifungwayo kwa mkono. Msomaji wa Mwanza huenda akatabasamu akisikia kwamba kizibao na tai, ambavyo ndivyo moyo wa vazi hili, kwa desturi hufumwa kwa pamba, zao ambalo Wasukuma wamelilima kwa vizazi, na ambalo kwa ajili yake wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda vyama vyao vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Sheria za kukaa kwa vazi hili ni kali, lakini kila moja ina sababu. Koti ni fupi mbele, nalo limekatwa kwa namna ambayo haliwezi kufungwa. Vifungo vyake vya mbele ni alama tu. Ncha zake za mbele zapaswa kushuka kidogo kupita upindo wa kizibao, ili weupe wa kizibao usichungulie chini ya weusi wa koti. Suruali yapaswa kupanda juu sana, kupita kitovu, nayo hushikwa na kanda za mabegani. Mkanda wa kiunoni hauruhusiwi, maana suruali ya mkanda huteremka kidogo kidogo mtu aketipo na ainukapo. Mikia ya koti yafika nyuma ya magoti. Mkono wa shati waonekana nje ya mkono wa koti kwa sentimeta 1 au 2, na ukosi wa shati waonekana kidogo juu ya ukosi wa koti kisogoni. Yote haya yakitimia, jicho la mtazamaji hupanda toka kiatuni hadi kiunoni kwa mstari mmoja mweusi, hupokewa na weupe wa kifua, kisha hufika usoni na kutua. Vazi zima limetumwa kazi moja tu, yaani kumpeleka mtazamaji kwenye uso wa mtu.

Katika sheria hizi lipo jambo moja ambalo lastahili kutazamwa kwa makini. Kosa lionekanalo mara nyingi kwa wavaaji wa vazi hili ni kizibao kirefu kinachoning'inia chini ya koti kama ulimi. Asiyejua humlaumu aliyeshona kizibao. Lakini asili ya kosa aghalabu haipo katika kizibao. Ipo katika suruali. Mvaaji ameizoea suruali ya kila siku iishiayo nyongani, na hakutaka kuipandisha. Kwa kuwa suruali imeshuka, shati limeonekana kati. Ili kulificha shati, kizibao kimerefushwa. Na kwa kuwa kizibao kimerefushwa, koti limeshindwa kukifunika. Kosa la chini limefunikwa kwa kosa la juu, na kila pazia limehitaji pazia jingine. Hivyo ndivyo uongo ulivyo. Mtu hasemi uongo mmoja akapumzika. Huusemea wa pili ili kuulinda wa kwanza, hata siku moja ule wa mwisho ukose wa kuufunika.

Asili ya koti hili ni koti la kupandia farasi la Waingereza wa karne ya 18, lililokatwa mbele ili lisimzuie mpanda farasi. Aliyelipa sifa mjini London alikuwa George Brummell, aliyezaliwa mwaka 1778. Kabla ya zama zake, heshima ya mwanamume wa Ulaya ilionekana kwa dhahabu, lesi na rangi nyingi mwilini. Brummell aliyaacha hayo, akavaa kitambaa cha rangi nzito kisicho na pambo, akaitafuta heshima yake katika mkato na usafi. Hapo pakazaliwa wazo jipya: kwamba waungwana wote wavae sawasawa, na tofauti ibaki katika kukaa tu. Kwa nje wazo hili ni la usawa. Mwenye shamba kubwa na mwanafunzi wanapovaa koti moja, hakuna awezaye kumtambua tajiri kwa uzito wa dhahabu yake. Lakini usawa huo ulikuwa na mlango wa nyuma, maana kukaa kwataka fundi, na fundi ataka ujira. Brummell mwenyewe alishindwa na ujira huo pamoja na kamari. Mwaka 1816 aliikimbia Uingereza kwa sababu ya madeni, akafa fukara huko Caen, Ufaransa, mwaka 1840. Koti lilimkaa kuliko lilivyomkaa mtu yeyote wa zama zake. Maisha aliyoyachagua ndiyo yaliyompwaya.

Msomaji wa Nyegezi aweza kuuliza kwa haki: vazi hili lina shughuli gani nasi? Hapa petu, kwenye mawe makubwa na ziwa, mwanamume mwenye mikia miwili ya koti angefuatwa na watoto toka stendi ya mabasi hadi ufukweni. Ni kweli. Lakini swali limetufikia kwa njia nyingine, nalo hutufikia karibu kila Jumamosi. Kijana wa Nyegezi anapooa, yampasa kuvaa suti, na suti hiyo ni mjukuu wa koti lile la Ulaya. Kamati ya harusi hukaa, michango hupangwa, na katika hesabu huingia vazi la bwana harusi na la mpambe wake. Mwenye nafasi hushonewa. Mwingine huenda Mlango Mmoja akachambua makoti ya mitumba yaliyopimwa kwa mabega ya watu wasiojulikana, kisha akampelekea fundi ayapunguze. Mwingine hukodi kwa siku moja. Na yuko anayekopa, ili siku ya kwanza ya ndoa yake aonekane mtu ambaye siku ya pili hatakuwa, na mkewe huanza maisha kwa kulilipia koti ambalo limekwisha rudishwa dukani. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Deni hilo halikuzaliwa na mahitaji ya mwili, kwa maana mwili ulikuwa na nguo. Limezaliwa na hofu ya kupimwa kwa kipimo cha jirani.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Wengi hulichukua neno hili kuwa ni katazo la kuazima, na kwa hiyo humcheka aliyekodi. Nionavyo, katazo hilo si la haki likichukuliwa hivyo. Aliyekodi koti waziwazi, akalipa alichonacho, akalirudisha safi, hakumdanganya mtu. Wageni wote wajua kwamba makoti ya harusi hukodiwa. Aliyenunua mtumba akampa fundi akaubomoa mabegani na kuushona upya, huyo amefanya zaidi. Amelichukua vazi la mtu mwingine akalilazimisha limtambue yeye. Ambaye nguo haimsitiri ni yule aliyeazima kipimo pamoja na nguo, yaani aliyekubali kwamba mwili wake, mfuko wake na nasaba yake vihukumiwe kwa mizani ya mwingine. Huyo hata akishonewa koti jipya kwa fedha zake, bado amevaa la kuazima.

Historia ya pwani na bara yetu ina ushahidi juu ya jambo hili katika ngoma ya beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaingia bara pamoja na askari na wapagazi wa pande zote mbili. Vyama vyake viwili vilivyojulikana sana, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafalme wao, magavana wao na majenerali wao, na wenye vyeo hivyo walivaa sare na mavazi ya Kizungu, wakatembea kwa madaha mbele ya bendi. Watawala wengi waliwaona kuwa ni waigaji tu, na wengine waliwashuku kwamba wana siri. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii ya Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo: vyama hivyo vilisaidiana katika maradhi na mazishi, navyo vilirithi mashindano ya mitaa na ukoo yaliyokuwako kabla ya Mzungu. Basi vazi la jenerali wa Marini lilikuwa la kuazima, lakini cheo alichokivalia hakikuwa cha kuazima. Alipewa na wenzake waliomjua, kwa kazi waliyoiona. Lilimkaa kwa sababu liliwekwa juu ya jambo la kweli.

Kinyume chake chaweza kuonekana Bujora, karibu na Kisesa, katika makumbusho ya Wasukuma. Huko zimehifadhiwa ngoma na zana za enzi za watemi, na jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Vitu hivyo havikupimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Mtemi mwembamba na mtemi mnene walivirithi vilevile, kwa kuwa vilipimwa kwa kazi, na mrithi ndiye aliyetakiwa kukua hadi avifikie. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilipouondoa utawala wa machifu, vitu vilibaki na kazi ikaondoka. Leo mgeni aweza kuvitazama na kuvisifu, lakini hakuna mtu ambaye vinaweza kumkaa, hata kama umbo lake lingelingana navyo kwa nywele moja. Kwa hiyo twajifunza kwamba vazi la heshima lina vipimo viwili. Kimoja ni cha mwili, nacho huchukuliwa kwa utepe wa fundi. Cha pili ni cha kazi, nacho huchukuliwa na watu wanaohudumiwa.

Yako mavazi ambayo yamekusudiwa kipimo hiki cha pili peke yake. Joho la mahafali ni mojawapo. Hapo Nyegezi, katika chuo kilichoanza mwaka 1960 na kufanywa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998, wahitimu wa kila umbo husimama ndani ya majoho yaliyo pana kuliko miili yao, na hakuna asemaye kuwa yanawapwaya. Upana wake ni wa makusudi; wasitiri shati la mtoto wa mvuvi na suti ya mtoto wa mfanyabiashara kwa pamoja, ili kionekane kile tu walichopata kwa kusoma. Kanzu ya pwani nayo ina hekima inayofanana. Heshima yake ni sitara: hushuka hadi vifundoni, haiuchori mwili, wala haimwambii mtazamaji habari za tumbo la mvaaji. Mkato wa tai nyeupe husema, "Nitazame nilivyo." Kanzu husema, "Nilivyo hakukuhusu; tusalimiane." Sioni kwamba mojawapo ya kauli hizi ni ya uungwana kuliko nyingine. Hata wenye vazi lile gumu wamelikiri hili, maana kanuni ya karamu ya Nobel yamruhusu mgeni kuvaa vazi la taifa lake badala ya koti lenye mikia.

Ikiwa mtu aweza kukosea kwa kuazima kipimo, jamii nayo yaweza kukosea kwa kumpimia mtu kwa nguvu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku nguo fupi za wanawake, nywele za bandia, dawa za kujichubua, na suruali za kubana za wanaume, na utekelezaji wake ukapangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Katika miaka hiyohiyo Wamasai walihimizwa na serikali kuacha lubega na kuvaa suruali. Nia ilikuwa heshima ya taifa changa, na nia hiyo haifai kudharauliwa. Nchi iliyokuwa imetawaliwa ilikuwa na haki ya kuuliza ivae nini. Walakini tazama ajabu yake: mwanamume mmoja aliambiwa suruali yake imezidi kumkaribia mwili, na mwingine akaambiwa hana suruali ya kutosha. Wote wawili walipimwa na mtu ambaye hangelivaa vazi lile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vazi usilolivaa hujui libanapo.

Basi turudi kwa fundi, maana kwake ndiko jibu liliko. Kazi ya kupima yahitaji watu wawili wakweli. Mteja asimamapo mbele ya fundi, aghalabu huvuta tumbo ndani, hututumua kifua na kunyoosha shingo. Kwa dakika ile amekuwa mtu mwingine, na ikiwa fundi ataandika vipimo hivyo, koti litashonewa yule mtu mwingine. Siku ya sherehe atakayefika ni mwenyewe, pamoja na tumbo lake, na koti halitamtambua. Fundi mwoga huandika alichoonyeshwa, kwa kuwa ataka ujira na shukrani ya papo hapo. Fundi mwema humwambia, "Pumua, mzee wangu, koti utalivaa ukiwa unapumua." Neno hilo moja ni zito kuliko hotuba nyingi za kusifu. Limemheshimu mteja kwa kumkubali alivyo, na limemkinga na aibu ambayo sifa ingemletea.

Tena fundi mwema hakubali kila aonacho kiwe ndicho kiamuzi. Bega moja likiwa chini kuliko jingine, kama lilivyo kwa watu wengi, huongeza kitambaa kidogo kwa ndani ili mabega yalingane. Je, huo si uongo? Nadhani hapana. Ukweli haumtaki fundi ayatangaze mapungufu ya mteja sokoni. Wamtaka ayajue, ili amshonee kwa huruma. Aliyeficha bega asilolijua amebahatisha. Aliyelipima kwanza, kisha akalisitiri, ametenda haki. Ndivyo wafanyavyo marafiki wa kweli, ndivyo wafanyavyo walimu wazuri, na ndivyo wangepaswa kufanya wote wagawao vyeo: wampime mtu akiwa anapumua, kisha wamkatie madaraka yanayomkaa, pasipo kumbana hata akashindwa kunyoosha mkono, na pasipo kumpwaya hata akajikwaa katika mikia yake mwenyewe.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Katika mwili, vazi na limfuate mtu. Asiyekubali hivyo atajitesa bure, au atamlipisha mkewe deni la siku moja. Katika kazi, mtu na alifuate vazi. Asiyekubali hivyo atavaa joho la elimu asiyokuwa nayo au koti la cheo asichokitumikia, na wapimaji wake, ambao ni watu, hawatakawia kusema kwamba lampwaya. Kosa kubwa la zama zote ni kuvigeuza vipimo hivi viwili: kuulazimisha mwili ulingane na koti, na kuipunguza kazi ilingane na uvivu. Kijana aoaye na avae kinachomkaa, kiwe cha kushona, cha mtumba au cha kukodi, mradi kimepimwa kwa mabega yake na kwa mfuko wake. Akisimama hivyo mbele ya watu, macho yao yatapita juu ya kitambaa yasikwame popote, yafike usoni mwake. Na uso ndio uliotoa ahadi.